Vidonge vya Alhamisi

Kama una presha na unameza dawa siku nne tu kabla ya kliniki ili usomwe vizuri, kaa hapo hapo ulipo, nakuandikia wewe. Usigeuze shingo kumtafuta mwingine. Mimi ndiye niliyeuanzisha mchezo huo katika safu yetu ya wauza mchele pale Tunduma, na kwa kinywa changu hiki nilimfundisha wifi yangu Tamali. Leo mimi natembea, naongea, nagombana na watu. Yeye yumo humu ndani, ameketi kwenye kiti cha kamba, na upande wake wote wa kulia haumtii. Kwa hiyo usitegemee nikuandikie kwa upole. Nina hasira, na nimechoka kuambiwa na akina mama wa kanisani kwamba nimkabidhi Bwana hasira zangu. Nitamkabidhi nikimaliza kusema.

Kwetu ni Ihanda. Mume wangu, Baba Eliza, analima kahawa na mahindi. Mimi nauza mchele wa Momba, nawauzia zaidi wanaovuka kutoka Zambia asubuhi na mikokoteni yao. Tamali ni mdogo wake Baba Eliza wa kike. Alipofiwa na mumewe nilimwambia njoo, weka meza karibu na yangu, na meza zetu zikakaa zimegusana miaka tisa. Mimi nilikuwa na mchele mzuri, yeye alikuwa na mdomo. Wazambia wakimwita bamayo, yaani mama, naye anawajibu kwa Kibemba chao, anawatania, anawauliza habari za wakwe zao asiowajua, mpaka mtu aliyekuja kuulizia bei anaondoka na gunia. Kwenye kwaya ya akina mama, sauti ya kwanza ilikuwa yake, na akikosekana Jumapili tulisikika kama watu wanaoburuta mabenchi. Nakwambia haya ili ujue ni nini kilichopotea.

Presha ilinikuta msimu wa kuchuma kahawa. Nilikuwa nimeinama kwenye kichanja nikigeuza kahawa juani, kisogo kikaanza kugonga, nikaona vichanja viwili badala ya kimoja. Tamali akanishika mkono mpaka zahanati. Nesi akanifunga mkanda, akatazama, akafunga tena, akaniuliza nimekuja na nani. Tamali naye kwa mzaha akasema basi nipime na mimi nione, akapimwa, akakutwa nayo. Tukatoka na madaftari mawili na mifuko miwili ya vidonge. Njia nzima tulicheka, tukasema hata ugonjwa tumegawana kama kanga.

Sasa nikueleze kuhusu benchi. Zahanati siitaji, wala nesi simtaji, ana watoto na mimi si mtu wa kumharibia mtu kazi. Lakini benchi nitalisema. Kliniki ya presha ilikuwa Alhamisi moja kila mwezi, watu wengi, nesi mmoja. Ukipimwa ukasoma vizuri, unachukua dawa unakwenda zako. Ukisoma vibaya, unakaa kwenye benchi la ukutani, linalotazamana na watu wote, na sisi wenyewe tulikuwa tumeshalibatiza benchi la wakaidi. Unakaa hapo mpaka mwisho wa kliniki, halafu nesi anakuja kukusema mbele ya watu. Nilimsikia akimuuliza babu mmoja, mzee wa kanisa, kama anataka kuzikwa na suti au bila suti. Mzee yule aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekojoa kitandani. Mimi nilikaa pale mara mbili. Mara ya pili aliuliza watu wote, mnamwona huyu, ana binti wa kuozesha lakini haraka yake ni kaburi. Watu wakacheka. Nilitoka pale nimeapa kwamba benchi lile sitalikalia tena, na niliapa vibaya. Sikuapa kumeza dawa.

Kwa sababu dawa zenyewe zilikuwa na adha yake, na hakuna aliyetuuliza. Kimoja kilinivimbisha miguu mpaka viatu vya ibada vikanikataa. Kingine, kidogo cheupe, tulikiita cha maji. Ukikimeza asubuhi, mpaka saa sita umekwenda haja ndogo mara tano. Hebu niambie, mwuza mchele wa Tunduma anakwenda wapi mara tano? Choo cha sokoni kiko ng'ambo ya barabara ya malori. Malori yamejipanga kusubiri mpaka, huyu anarudi nyuma, yule anapiga honi, unapenya katikati yake umebana mapaja, unafika unakuta foleni. Ukirudi, mteja wako ameshahudumiwa na jirani. Ndiyo maana nilianza kukiacha. Kwanza siku za soko kubwa tu, halafu siku za kazi, halafu nikaviacha vyote, maana kama unaacha kimoja unaona na mwenzake hana maana.

Kisha mwezi mmoja nikaogopa benchi. Jumapili baada ya ibada nikameza, Jumatatu, Jumanne, Jumatano nikameza, nikashinda nyumbani kwa kisingizio cha mafua. Alhamisi mkanda ukasoma vizuri kabisa. Nesi akanitazama kama mwanawe aliyefaulu. Nilitoka pale najiona nina akili kuliko serikali nzima.

Nikamwambia Tamali. Tamali akajaribu, ikakubali. Tamali na mdomo wake akamwambia wa meza ya tatu, na wa tatu akamwambia wa nne, na kabla ya mahindi kukomaa safu nzima ya wauza mchele wenye presha walikuwa wanameza vidonge vya Alhamisi. Ikawa ndiyo salamu yetu. Jumapili ukitoka kanisani, au Jumatatu ukipanga kopo zako, mtu anakuuliza kwa sauti ya chini, "Umeshaanza?" Unajibu, "Nimeanza." Tamali alikuwa anaiimba kabisa, anaivuta mwisho kama kipande cha kwaya. Wateja walidhani tunaongea habari za kupika.

Miaka minne. Daftari langu lilikuwa safi kama la mwalimu mkuu. Nesi alifika mahali pa kuniinua nishuhudie. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilisimama mbele ya watu nikasema dawa ni maisha, tumezeni kila siku, na Tamali kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameuma kanga yake asicheke. Nikiikumbuka siku ile natamani kujizaba kofi.

Mwili lakini hausomi daftari. Mwaka wa nne nilianza kuchoka kupanda kamlima ketu ka nyumbani, nasimama mara tatu, najifanya napokea simu. Usiku moyo ulikuwa unasikika sikioni kwenye mto. Halafu mvua za kwanza zilipoanza, siku moja saa nne asubuhi, nikiwa nampimia mteja, kopo likanitoka mkononi. Sikuliangusha, mkono tu uliacha kushika. Nikataka kusema samahani, ikatoka sauti ya mlevi. Ilichukua kama muda wa kuchemsha chai, kisha kila kitu kikarudi. Nilikuwa tayari nainama kuokota mchele, nasema ni usingizi, lakini Tamali alikuwa ameshampigia kaka yake. Aliacha meza yake wazi, mchele wote, akanipeleka mwenyewe zahanati. Sijui nani aliiangalia meza ile siku hiyo, na Tamali hakuwahi kulitaja.

Baba Eliza alinipeleka hospitali kubwa. Siku ya tatu wakasema kuna daktari wa mishipa aliyekuja kwa wiki mbili, atanipiga altrasaundi ya shingo, aone mishipa ilivyo.

Altrasaundi! Mimi na wewe tunajua altrasaundi ni ya nini. Nilikaa kwenye korido, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, katikati ya matumbo kumi na mawili. Binti mmoja mwenye adabu sana akaniuliza, "Shikamoo mama. Na wewe una miezi mingapi?" Nikamwambia hamsini na mbili, ila kila mwezi wangu ni mwaka mzima. Wakacheka wote, na huyo binti akanisogezea viazi vyake vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye leso. Tulikula pamoja. Sikumbuki jina lake ila vile viazi nakumbuka, maana tangu asubuhi nilikuwa sijala, na hakuna mtu mwingine aliyefikiria kwamba ninaweza kuwa na njaa. Baba Eliza alikuwa amekaa na wanaume nje. Mmoja akampa hongera kwa kazi nzuri kwenye umri wake, na Baba Eliza, badala ya kukana, akasema asante. Nilimnunia siku mbili.

Kipimo chenyewe hakiumi, hilo nikuambie mapema ili usiwe na kisingizio. Hakuna sindano, hakuna damu hata tone. Unalala chali, wanakubandika nyaya kifuani, wanakupaka jeli ya baridi shingoni, halafu daktari anapitisha kidude kinachofanana na kichwa cha mashine ya kunyolea. Baadaye anakigandamiza kwenye kinena, hapo ndipo utaona aibu kidogo, lakini nesi yupo na wanakufunika. Daktari alikuwa kijana mpole, anaongea taratibu kama mwalimu wa katekisimu. Akanigeuzia kioo nione. Mistari miwili myeupe na giza katikati, ndio mshipa wangu. Akaniambia moyo ukipiga, mshipa unatakiwa kutanuka na kurudi. Nikatazama. Wangu ulitikisika kidogo tu, kama mlango uliokwama.

Nikamwuliza, sasa wa mtu mwenye afya unakuwaje? Akamwita yule nesi, akampaka jeli shingoni akiwa amesimama, akatuonyesha. Jamani. Ulikuwa unapumua. Ulikuwa unavimba na kunywea kama koo la chura penye maji. Nikaangalia ule, nikakumbuka wangu, na hakuna aliyehitaji kunitafsiria.

Daktari akahesabu jinsi mapigo yanavyosafiri kutoka shingoni mpaka kinenani. Akasema mshipa laini hupunguza mwendo wa wimbi la damu, mgumu huliacha lipite mbio, na langu lilikuwa linapita mbio mno. Akasema mishipa yangu ni ya bibi wa miaka themanini. Kisha akachukua daftari langu. Akalifunua ukurasa kwa ukurasa, akarudi mwanzo, akalifunua tena. Jeli ilikuwa inanikaukia shingoni.

"Mama," akasema, "hili daftari ni la nani?"

Alikuwa hanigombezi. Alikuwa haelewi, basi. Akanieleza kwamba mtu aliyetunza presha namna ile miaka minne hawi na mshipa wa namna hii. Ama kuna ugonjwa mwingine umejificha, pengine wa figo, au kuna jambo halijasemwa. Akaniuliza kwa upole kama nameza kila siku. Mlango ulikuwa wazi, Baba Eliza alikuwa amesimama pale kashika kofia yake, na mimi nilikuwa shahidi wa kliniki, mwanamke wa mfano.

Nikasema, "La kwangu. Nameza kila siku."

Basi ukatafutwa huo ugonjwa uliojificha. Tulikwenda Mbeya, tukarudi, tukaenda tena. Figo, damu, mkojo wa siku nzima kwenye dumu. Ilikuwa wakati wa kupanda, majirani wote wako shambani na majembe, na Baba Eliza yuko kwenye mabenchi ya hospitali akinishikia kanga na dumu la mkojo wangu. Mwaka ule shamba la chini halikupandwa. Mwanaume yule hakulalamika hata mara moja. Angelalamika ningemwambia ukweli kwa hasira, maana kwa hasira naweza kusema chochote. Alinyamaza, na mimi nikanyamaza, na uongo ukaota mizizi badala ya mahindi.

Hapa ndipo penye uovu wangu. Niliogopa. Nikaanza kumeza kila siku, kweli kweli, vyote, na cha maji. Kila asubuhi nilikuwa navuka barabara ya malori mara tano, nikimwambia Tamali naenda kubadilisha kwacha. Naye analinda meza yangu. Alinitania kwamba wifi siku hizi una mtu kule kwa wabadilisha fedha, nitamwambia kaka. Aliniuliza ile mashine ya wajawazito, aliyoibatiza ya Zakaria na Elisabeti, imesema nini, nikamjibu imesema uzee tu, hakuna kitu. Ningemwambia ukweli angekimbia kwa kaka yake siku hiyo hiyo, si kwa ubaya, kwa sababu alikuwa hajui kukaa na jambo. Na Baba Eliza angejua kwamba shamba la chini lililala bure kwa sababu ya uongo wangu. Nilipima hayo mawili kama ninavyopima mchele, nikaona heri Tamali asijue.

Kliniki sita. Mara sita, Jumapili, tukitoka kanisani, aliniuliza, "Umeshaanza?" Na mara sita nilimjibu, "Nimeanza, wifi. Na wewe anza." Mimi nilikuwa nameza miezi. Yeye alikuwa anaanza.

Kahawa zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Ilikuwa Jumatano, siku moja tu kabla ya kliniki, baridi kali, na Tamali alikuwa anambishia mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anamwambia mchele huu ukiupika hata mama mkwe atakusamehe. Sikusikia mwisho wa sentensi. Niligeuka nikamwona anautazama mkono wake wa kulia kwa mshangao, kama si wake. Kisha akashuka chini pole pole, akavuta gunia, mchele ukamwagika wote juu yake. Nilipiga magoti kwenye mchele ule. Mdomo ulikuwa umekwenda upande mmoja. Niliujua ule mdomo, niliwahi kuwa nao muda wa kuchemsha chai. Wake haukurudi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema kwamba wewe unaweza kuficha na kilio kikamfichua mwenzako.

Hospitali tulimkuta daktari yule yule, alikuwa amerudi tena kwa wiki zake mbili. Akaomba daftari la mgonjwa. Nikalitoa kwenye mkoba wa Tamali kwa mkono wangu. Akalifunua. Safi, ukurasa kwa ukurasa, miaka minne. Akaniangalia mimi, akaliangalia daftari, na safari hii hakuuliza ni la nani. Baba Eliza alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, ameshika miguu ya mdogo wake kwa mikono yote miwili. Nikasema. Nilisema yote nikiwa nimesimama, tangu benchi, choo, Jumapili, safu nzima, na ile siku ya altrasaundi, na dumu la mkojo. Daktari akaandika kitu kwenye karatasi, akasema asante mama, umetusaidia, akatoka kwenda kuwaambia wenzake. Heri angenipiga.

Baba Eliza hakuinua uso. Akasema, "Ulijua tangu mvua za kwanza."

Si swali. Nikasema ndiyo. Akasema basi. Tamali alipotoka hospitali, Baba Eliza alimleta nyumbani, akamtengenezea kiti, kisha akafunga nguo zake akaenda kukaa kwa kaka yake kule Hasamba. Alikuwa anakuja kila siku ya pili kumnyanyua na kumnyoosha miguu, ananisalimia kama jirani, anaondoka. Miezi minne. Nilikuwa na hasira naye mpaka meno yanauma, na nilijua sina haki nayo hata kidogo, na hilo lilinizidishia.

Kliniki iliyofuata nilikwenda. Nilimkodia Tamali bajaji, nikambeba mpaka ndani. Watu wakaguna. Nikapimwa, nikasoma vizuri, nesi akaniambia pole na wifi yako, Mungu anajua, wewe chukua dawa zako. Sikuchukua. Nikambeba Tamali, nikaenda kukaa naye kwenye benchi la wakaidi.

"Mama Eliza, toka hapo," nesi akasema. "Umesoma vizuri."

Nikamwambia hapa ndipo mahali pangu, nimepakwepa miaka minne. Nikawaambia watu wote nilivyofanya na nilivyomfundisha huyu hapa. Nikamwambia na yeye nesi, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia, kwamba sisi tulikuwa tunaogopa benchi lake kuliko kifo, na kwamba kwa miaka minne hakuna siku aliyowahi kutuuliza tunakojoa wapi. Alibadilika rangi. Akasema yuko peke yake, wagonjwa themanini, mnataka nifanye nini. Na ni kweli alikuwa peke yake. Ukweli huo nimeuweka pembeni na hasira yangu, vinakaa pamoja vizuri tu.

Usidhani watu wote walisimama wakaungama. Ni wawili tu. Mmoja wa meza ya nne, na yule mzee wa kanisa wa suti. Walikuja wakaketi nasi. Wengine walitazama miguu yao, na najua majina yao, na najua wanasoma vizuri mpaka leo. Ila mwezi uliofuata nilikuta benchi limegeuzwa, linatazama mlango kama mabenchi mengine, na nesi anaingiza mtu mmoja mmoja ndani kumwuliza.

Baba Eliza alirudi wakati wa kupanda. Alikuja na jembe begani, akaenda moja kwa moja shamba la chini, jioni akaingia akaomba maji ya kuoga. Hatujaliongea. Pengine hatutaliongea.

Sasa ni mwaka umepita na kidogo. Nilirudi kwenye altrasaundi mvua hizi. Niliingia na viazi vyangu kwenye leso, nikavigawa kwa matumbo yote ya korido. Daktari akaniambia mshipa haujalegea sana, lakini haujakaza zaidi, na kwa ule uliokwisha kuwa mgumu hiyo ni habari njema. Nilikiangalia kioo. Ulikuwa unatikisika kidogo tu, nikautukana kimoyomoyo, nikaushukuru. Nameza kila siku saa moja asubuhi. Daktari alinibadilishia kile cha kuvimbisha miguu, ilikuwa ni kumwambia tu, miaka yote ilikuwa ni kumwambia tu. Cha maji bado kinanivusha barabara, na mteja asiyeweza kusubiri akanunue kwingine, mchele hauna miguu.

Tamali anakula kwa mkono wa kushoto. Anasimama akishikwa. Kuimba, hapana. Kibemba, hapana. Jina la bintiye aliyeolewa Momba, hapana; binti alikuja akakaa mwezi mzima akisubiri kuitwa, akaondoka. Katika maneno yote aliyokuwa nayo, na wewe umesikia alivyokuwa nayo, limebaki moja. Daktari anasema huwa inatokea, kwamba lile ambalo ulimi ulilizoea sana ndilo linalosalia, na kwamba mgonjwa analitumia kwa kila kitu bila kukusudia. Akiwa na njaa analisema. Akitaka kugeuzwa analisema. Mchungaji alipokuja kumwombea, aliposema amina, Tamali akalisema. Daktari anasema hana maana nalo. Daktari hajaangaliwa na Tamali macho kwa macho.

Asubuhi ya leo nimeweka uji wake, nimeponda vidonge vyake kwenye kijiko, nimemnywesha, nimemfuta mdomo. Kisha nimemimina vyangu kiganjani, vyote, nikavinyanyua avione, kama ninavyofanya kila siku. Akavitazama. Akanitazama mimi. Akauvuta mdomo wake kwa shida upande ule mzima.

"Umeshaanza?"

"Nimeanza, wifi," nikamwambia, nikameza mbele yake.